Vidato Sitini na Nne

Lifti ya jengo letu la Gldani hula sarafu.
Zamani ukiilisha ilikohoa, ikapanda.
Tangu Januari inakula tu.
Na hata ingepanda, mlango wake
umepungua vidole viwili kwa kiti cha Tsiala.
Nimepima mara tatu, kwa vidole vyangu,
kama mtu anayedhani chuma kitamwonea haya.

Basi ni ngazi.

Siku ya kwanza nilimwendea mbio,
miaka kumi na tisa, kifua mbele,
nikakamata kiti kwa nyuma kama ninaiba.
Akavuta breki: ka! ka!
"Umeniuliza?"
"Nataka kukusaidia, shangazi."
"Gunia la viazi haliulizwi, maana halijibu. Mimi najibu."
Nikauliza.
Akanyamaza kitambo, makusudi, hata uso ukaniwaka,
ndipo akasema ndiyo.

Miaka thelathini alirekebisha sauti za piano za watu.
Sikio lake huona skrubu iliyolegea
kabla ya jicho langu.
"Usishike hapa," akachomoa egemeo la mkono;
likatoka kama jino bovu.
"Shemeji yangu Nugzar alishika hapa.
Yeye akabaki na egemeo, mimi nikaendelea na safari."
Akacheka. Kovu la kidevuni halikucheka.
"Wala kikanyagio, nacho hutoka.
Shika mifupa ya kiti,
ile isiyotoka hata ukiitukana."

Mkanda umefungwa. Kofia ya sufu imevaliwa.
Beso wa ghorofa ya pili yuko chini yetu,
uso kwa uso na Tsiala, mikono kwenye fremu.
Mimi nyuma, juu,
vishikio nimevizungusha kwanza nione kama vinateleza.
Namlaza kuelekea kifuani kwangu, taratibu,
mpaka pale ambapo uzito wake
ghafla haumo mikononi mwangu wala haumo kwake,
umetulia katikati
kama waya uliopata sauti yake.
"Hapo," anasema. "Usiipoteze."

Magoti yakunjike. Mgongo usijifanye shujaa.

Moja.
Magurudumu makubwa yanabingirika ukingoni, yanatua.
Tunapumua.
Mbili.
Anayehesabu ni yeye, hakuna mwingine anayehesabu.
Kidato cha kumi na tisa kimemeguka.
Kwenye cha ishirini na saba mtu kamwaga mafuta ya alizeti,
na Beso, anayerudi kinyumenyume, anayaona kwa kisigino.
"Simama!"
Tukasimama watu watatu juu ya pumzi moja.

Nje, theluji imekuwa uji wa kijivu.
Ukingo wa barabara una kimo cha shubiri
lakini ndio uliowahi kumlaza hospitali,
si zile ngazi ndefu.
Natazama magari. Tunageuka,
mgongo wangu ndio unaoingia barabarani kwanza,
magurudumu makubwa yashuke yote mawili kwa pamoja,
nimeyazuia kwa paja.
Ng'ambo ya pili nakanyaga kile chuma kifupi cha nyuma,
pua ya kiti inainuka,
madogo yanakaa juu,
kisha nasukuma kwa nyonga, si kwa hasira.

Bwana mmoja mwenye mkoba akaturukia kwa wema wake wote,
akakamata egemeo.
Tukampigia kelele watatu kwa sauti moja:
"Umeuliza?"
Maskini, akauvua mkono kama aliyegusa pasi.

Kwa fundi viatu alitoa buti nyeusi, soli safi
kama siku zilipotoka dukani.
Nikazitazama soli, nikamtazama.
"Si za kutembelea," akasema. "Rangi imenichosha. Nataka nyekundu."

Kurudi, mgongo wake ndio hutangulia:
mimi juu navuta, Beso chini anasukuma,
yeye anautazama mtaa ukizama.
Kwenye hamsini na kitu akapotea hesabu.
Mikono inatetemeka, jasho limeingia jichoni,
na mimi namba naijua, Beso anaijua,
hakuna aliyeitaja.
"Tuanze upya," akasema.

Moja.